Kipimo safi cha choo hakiondoi uwezekano wa jipu la ini
Wapo, Mtwara na Lindi kama kwingineko, wanaoamini kwamba mtu asiyeharisha, na ambaye choo chake hakikuonyesha amiba (vimelea vidogo vya utumbo), hawezi kuwa na jipu la ini. Si kweli: wagonjwa wengi wa jipu la amiba hawaharishi wakati homa, ambayo huku kwetu hudhaniwa upesi kuwa malaria, inapoambatana na maumivu chini ya mbavu za kulia. Jipu huonekana kwa ultrasaundi. La amiba kwa kawaida hupona kwa dawa ya metronidazoli ya siku 7 hadi 10, ikifuatwa na dawa ya kuua amiba waliobaki utumbini (hatua inayosahauliwa mno), ilhali la bakteria huhitaji antibiotiki za wiki kadhaa na, mara nyingi, usaha kutolewa kwa sindano au mpira mwembamba.