Ripoti ya Mkaguzi Ikifika Bunge la Kaunti, Fuatilia Karatasi

Kaunti za Kenya hufunga hesabu za mwaka Juni 30. Taarifa za fedha humfikia Mkaguzi Mkuu kufikia Septemba 30, naye hutakiwa kuwa amemaliza ukaguzi Desemba 31. Bunge la kaunti likishapokea ripoti, Kifungu cha 229 cha Katiba kinalipa miezi 3 kuijadili na kuchukua hatua. Redio za Kisumu na Nakuru huitangaza ripoti siku mbili tatu, kisha kimya. Ni katika kimya hicho kazi ya kusimamia serikali hufanyika, au huachwa.

Tuseme ripoti inasema soko la wadi fulani kule Nyando, Molo au Butere lililipiwa lote, ilhali halijaezekwa. Mwakilishi wadi akiuliza “pesa zilienda wapi?” atapewa hotuba. Aitishe mkataba, hati ya malipo na cheti cha kazi iliyokamilika. Cheti kikionyesha paa lipo, aliyekitia sahihi ndiye wa kuitwa kwanza. Kamati ya bunge la kaunti inayoichambua ripoti ina uwezo huo: Kifungu cha 195 kinaipa mamlaka kama ya Mahakama Kuu ya kuita shahidi na kudai stakabadhi.

Jihadhari na hati ambayo wakaguzi waliikosa, halafu inaibukia mbele ya kamati. Hoja ya ukaguzi isifutwe papo hapo. Hati irudi kwa wakaguzi, kwani huenda iliandikwa wiki iliyopita. Masurufu, yaani pesa anazotangulizwa afisa kwa safari ya kazi, nayo yana saa yake: afisa hutoa hesabu ndani ya siku 7 za kazi tangu arudi kituoni, la sivyo hukatwa mshahara.

Pendekezo la kamati lisilotaja afisa, kiasi na tarehe halina meno. “Idara ichunguze suala hili” ni sawa na kutoandika chochote.

Vikao vya kamati viko wazi kwa umma. Ulizia ratiba kwa karani wa bunge. Ukitaka hati, andika kwa Kiswahili au Kiingereza, utaje mradi, mwaka wa fedha na hati yenyewe, kwa maana “naomba habari za soko” hujibiwa kwa brosha. Maombi hayalipiwi, ila gharama ya nakala. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Isipojibu, huhesabiwa imekataa, nawe peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30, pamoja na nakala ya barua yako iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.