Kwa nini ujia wa tembe la Tabora ulipindishwa?

Je, wajua kwamba katika nyumba za wafanyabiashara wakubwa wa Tabora ya karne ya 19, mgeni aliyekwisha kuvuka mlango alikuwa bado hajaingia ndani?

Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh (ndiyo Tabora yetu) Novemba 1857 akapokewa na tajiri wa Kiarabu, Snay bin Amir, aliyaeleza matembe hayo vizuri. Nje, chini ya paa la veranda, palikuwa na kibaraza kipana cha udongo. Hapo wanaume walipunga upepo asubuhi na jioni, wakaswali, wakapiga soga na kufanya shughuli zao. Ukifuata mlango wa mbao nene wenye minyororo, unaingia chumba cha wageni. Samani hakuna, ila viti viwili virefu vya udongo, kimoja kulia kimoja kushoto, na ncha zake zimefinyangwa mfano wa mito. Mgeni akitarajiwa, hutandikwa mikeka na mazulia. Kutoka hapo ndipo unaanza ujia wa kwenda uani, nao umekatwa kona makusudi.

Sababu ni macho. Ujia ukinyooka, aliyeketi na wageni anaona mpaka uani, wanawake na watoto wa nyumba wakiwa kwenye shughuli zao. Ukipinda, macho yanaishia ukutani. Mafundi wa Lamu nao wanaijua hila hii.

Lakini Tabora ilikuwa na shida yake. Misafara ya Bagamoyo iliishia hapa au ikagawanyika: mmoja Ujiji, mwingine Karagwe na Buganda. Wageni hawakukatika. Mtu kaja na pembe za ndovu, humjui, wala humfukuzi, na uani kwako huwezi kumpeleka. Naona ndiyo maana akajengewa mahali pake kamili, pa kukaa na kupatana bei, si nje si ndani.

Wasanii wa leo huandaa maonyesho mazima kuhusu hali hiyo ya kati, na Marcel Duchamp, msanii Mfaransa, hutajwa sana. Mwaka 1927, nyumbani kwake Paris, alitengenezewa mlango mmoja unaotumikia fremu mbili: ukifunga huku, umefungua kule. Ujanja mzuri, ingawa huo wa Duchamp haukuhitaji kupokea msafara wa wapagazi.

Ukitaka kuliona tembe lenyewe, nenda Kwihara, nje kidogo ya mji, ambako sasa ni makumbusho. Stanley aliondoka hapo tarehe 14 Machi 1872 akamwacha Livingstone, ambaye hakuwa mwenyeji wala hakuwa safarini, akingoja wapagazi ambao Stanley angemtumia kutoka pwani. Walifika katikati ya Agosti, na tarehe 25 mzee akashika njia.