Chuma hakikuja na Mreno

Malindi bado utaambiwa kwamba uhunzi wa chuma tulifundishwa na Wareno. Si kweli. Vasco da Gama alitia nanga hapa 1498. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu, akiandika kule Sicily, alikuwa ameshamaliza kitabu chake 1154, na humo anasema watu wa Malindi wanachimba chuma, wanakiuza, na faida yao kubwa inatoka huko. Shanga nako, mji wa kale kisiwani Pate, wachimbuaji walikuta mavi ya chuma ya karne nyingi kabla ya Mreno. Hayo ni masalio ya uhunzi, na masalio (nani angeyapakia jahazini?) huachwa pale kazi ilipofanyika. Mhunzi alichanganya mawe ya chuma na makaa, akavukuta mivuo. Uchafu ukayeyuka ukachuruzika, ndio mavi hayo, likabaki bonge la chuma la kufuliwa kwa nyundo.