CRP ikipanda, si lazima ubongo uwe hatarini

Mzee anapimwa damu, CRP inasoma miligramu 40 kwa lita, na kabla ya jioni familia imeshaamua kwamba anaelekea kwenye dimenshia, yaani kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Haraka hiyo haina msingi.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Iligunduliwa mwaka 1930 kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia, na hadi leo inachoeleza ni kuwa mahali fulani mwilini pana mchochota, yaani mwitikio wa mwili kwa maambukizi au madhara. Ni wapi, haisemi. Ugonjwa wa fizi, goti lenye baridi yabisi, maambukizi ya njia ya mkojo, sigara, hata kitambi, vyote huipandisha. Chanzo kikiondoka, kiwango hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi, kwa hiyo kipimo kimoja ni habari ya siku hiyo tu.

Ni kweli, tafiti zimehusisha mchochota wa miaka mingi na kumbukumbu kudhoofika uzeeni. Lakini kuandamana si kusababishana. Jaribio la Marekani lililoitwa ADAPT liliwapa wazee naproxen au celecoxib, dawa za kutuliza maumivu na mchochota, na dawa hizo hazikuzuia Alzheimer, aina mojawapo ya dimenshia. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2004 kwa hofu ya madhara ya moyo. Basi usimpe mzee vidonge vya maumivu kila siku eti unamlinda ubongo. Figo na tumbo ndivyo vitakavyolipa.

Cha kukushtua ni kingine: CRP iliyo juu pamoja na kuchanganyikiwa kwa ghafla, ndani ya saa au siku chache. Hapo shuku diliriamu, yaani huko kuchanganyikiwa kwa ghafla, itokanayo na maambukizi. Mara nyingi hutibika, ila mpeleke hospitali siku hiyohiyo.