Chai ya Asubuhi Saa 7 Usiku: Dhana Potofu Kuhusu Akili Mnemba na Tovuti ya Biashara

Bibi mmoja mwenye nyumba ya wageni Unguja alinipigia simu alfajiri. Hata shikamoo yangu hakuimalizia. Mgeni wake Mjerumani alikuwa ameuliza, kwa adabu zote, kama ni kweli kwamba chai pale huandaliwa saa 7 usiku.

Nikafungua tovuti. Ukurasa wa Kiingereza ulisema 01:00 hadi 04:00. Mjukuu wake alikuwa ameiandikia ChatGPT, programu ya akili mnemba: "Chai ya asubuhi ni saa 1 hadi saa 4, weka kwa Kiingereza," kisha akanakili jibu na kulibandika bila kulisoma mara mbili. Sisi tunahesabu saa tangu kuche. Yeye akapewa saa zinazohesabiwa tangu usiku wa manane.

"Inaijua biashara yangu"

Akili mnemba inajua lugha, na inajua hoteli kwa ujumla. Yako haijui. Bei uliyopandisha juzi, chumba kinachovuja, siku mnazofunga: usipoiambia, itajaza pengo kwa kitu kinachofanana na ukweli, tena kwa Kiswahili safi. Ndiyo maana maagizo yangu ni marefu kuliko kazi yenyewe: "Tunaandaa saa 1 asubuhi kwa saa za Kiswahili, yaani 07:00. Usibadilishe kingine chochote. Usichokijua, niulize."

"Ikijibu 'tayari', basi tayari"

Kuna mashine ya kupiga nayo soga tu: inakupa maandishi, kuyapeleka kwenye tovuti ni kazi yako. Nyingine imeunganishwa na tovuti yenyewe na inaweza kugusa kurasa. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa utaratibu wa wazi uitwao MCP, unaorahisisha kuunganisha programu hizi na mifumo mingine. Hata hiyo iliyounganishwa, neno "tayari" lisikutoshe. Fungua ukurasa kwa simu nyingine, kama mteja. Wakati mwingine badiliko limeingia ila simu yako bado inaonyesha nakala ya zamani. Wakati mwingine halikuingia kabisa.

"Ikikosea, kosa ni la mashine"

Shirika la ndege la Air Canada walijaribu hoja hiyo. Roboti wa mazungumzo kwenye tovuti yao alimwambia abiria aliyefiwa na bibi yake kwamba angeweza kuomba nauli nafuu ya msiba baada ya kusafiri. Sera ya kampuni ilisema vingine. Mbele ya baraza la usuluhishi la British Columbia, jimbo la Kanada, kampuni ikadai roboti yule ni kitu kinachojitegemea na kujibeba chenyewe. Februari 2024 baraza likakataa: taarifa zote za tovuti ni za kampuni, ziwe kwenye ukurasa wa kawaida au zimetoka kwa roboti. Ikaamriwa kulipa takriban dola 812 za Kanada. Hukumu ya Kanada haitufungi sisi, lakini mteja aliyesoma bei kwenye tovuti yako atakuja na hoja hiyo hiyo kaunta.

"Google huadhibu maandishi ya akili mnemba (AI)"

La. Tangu Februari 2023 Google imesema inaangalia ubora, si nani kaandika. Inachopiga vita ni kurasa zinazomwagwa kwa mamia ili kuwania nafasi za juu tu.

"Mpe funguo zote, fundi wa nini?"

Mimi ni fundi wa tovuti, kwa hiyo nina maslahi hapa. Hata hivyo, Julai 2025 Mmarekani Jason Lemkin alieleza jinsi msaidizi wa akili mnemba wa Replit, huduma ya kutengenezea programu, alivyofuta hifadhidata yake inayotumika, ilhali alishaambiwa asiguse kitu. Kisha msaidizi akamwambia data haiwezi kurudishwa. Ilirudi.

Kwa tovuti iliyojengwa kwa mfumo wa WordPress, mfungulie msaidizi huyo akaunti ya mhariri, si ya msimamizi mkuu: atabadilisha kurasa, hatafuta tovuti. Na kabla hajagusa chochote, chukua nakala rudufu na uiweke mahali asipofika.

Kwa bibi, saa tumezirekebisha. Kumbe neno "chai" nalo lilikuwa limetafsiriwa kama chai tupu, kikombe basi, na Mjerumani wa watu alikuwa ameshanunua mkate wake njiani. Kumbe anasubiriwa na mayai, mandazi na maembe.