Kubanwa mkojo ghafla: usiunyime mwili maji

Kubanwa mkojo ghafla ni hali gani?

Ni mkojo kukushika kwa nguvu bila taarifa, mpaka huwezi kusubiri, na wakati mwingine unachuruzika kabla hujafika chooni. Kibofu cha mtu mzima hubeba kama mililita 400 hadi 500. Kukojoa hadi mara 8, mchana na usiku kwa jumla, ni kawaida. Anayekimbilia chooni kila nusu saa na kutoa mkojo kidogo tu, mara nyingi kibofu chake hakijajaa: misuli yake inajikaza kabla ya wakati.

Basi nikiacha kunywa maji, si nitapumzika?

Hapana. Hili ndilo kosa tunalolikuta kila siku kliniki, kwa kina mama hasa. Usipokunywa, mkojo unakuwa mzito, wa rangi ya chai ya rangi na harufu kali, na mkojo wa namna hiyo unakera ukuta wa kibofu. Kibofu kilichokerwa kinabana hata kikiwa na mkojo kidogo. Pia bakteria wanapata muda wa kuzaliana kwa sababu hakuna kinachowasukuma nje, na choo kinakuwa kigumu. Unaacha maji ili usibanwe, unabanwa zaidi, unapunguza tena.

Lakini natoka Mbagala saa 11 alfajiri, kuna foleni, na hakuna choo mpaka Kariakoo.

Bado hapana. Panga, usijinyime. Ukiamka kunywa glasi moja ya maji, kojoa ukiwa mlangoni kutoka, na chai iache mpaka ufike kazini. Ukishafika, kunywa nusu lita kidogo kidogo hadi mchana, na nusu lita nyingine hadi alasiri. Kinachoharibu mambo ni kukaa kavu kutwa nzima kwenye jua, kisha jioni kumimina lita nzima kwa mkupuo. Figo zitayatoa maji hayo ndani ya saa chache, na usiku kucha utakuwa njia ya chooni. Wanaofunga Ramadhani nao wagawe maji yao kati ya futari na daku, wasiyamalize yote kwenye mkeka wa futari.

Ninywe kiasi gani?

Lita 1.5 hadi 2 kwa siku, ukihesabu pia uji, chai na supu. Anayeshinda juani anahitaji zaidi. Kipimo chako ni rangi ya mkojo: manjano iliyopauka. Ukiwa mweupe kama maji kutwa nzima, umezidisha. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kiasi alichopangiwa na daktari wake. Saa 2 au 3 kabla ya kulala ndipo pa kupunguza, na tikiti maji na dafu vimo kwenye hesabu hiyo.

Vinywaji gani vinachokoza kibofu?

Vyenye kafeini kwanza. Mtu atakuapia hanywi kahawa, kumbe asubuhi amekunywa vikombe viwili vya chai ya maziwa, mchana soda ya kola, jioni kinywaji cha kuongeza nguvu. Vyote hivyo vina kafeini. Usiache ghafla, kichwa kitakuuma. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku chache. Mchaichai au tangawizi bila majani ya chai haina kafeini. Pombe nayo huongeza mkojo, na soda, hata zile zisizo na sukari, huwasumbua wengi.

Pilipili, ndimu, ukwaju na nyanya huwakera baadhi tu. Ondoa kimoja kwa wiki moja au mbili, andika ulibanwa mara ngapi, kisha kirudishe uone. Ukiondoa vyote kwa mpigo utabaki na ugali na chumvi, na mkosaji hutamjua.

Choo kigumu kinahusikaje?

Utumbo mkubwa uliojaa unakisukuma kibofu. Vinavyolainisha choo ni dona, maharage, matembele, papai, na yale maji unayoyakwepa.

Mkojo ukinijia ghafla nifanye nini?

Usikimbie. Simama au kaa, kaza misuli ya chini kama anayezuia upepo, haraka haraka mara 5 au 6, pumua taratibu, subiri wimbi lipite, kisha tembea. Anza kwa kuchelewesha dakika 5, ongeza kila wiki mpaka ukae saa 3 hivi kati ya choo na choo. Kukojoa “kwa tahadhari” kila unapopita mbele ya choo kunakizoesha kibofu kubeba kidogo.

Nikinunua dawa ya UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) dukani, si inatosha?

Haitoshi. Si kila kubanwa ni UTI. Anayebanwa huku ana kiu isiyoisha na anakonda anahitaji kupimwa sukari, si kumeza vidonge vitatu alivyoelekezwa na jirani. Dawa isiyolengwa inaficha dalili kwa muda na kuwafanya bakteria wawe sugu.

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukiona damu kwenye mkojo, hata kama hauumi, au ukiwa na homa pamoja na maumivu ya ubavuni. Mjamzito aende hata kama anaungua kidogo tu wakati wa kukojoa. Mkojo ukigoma kutoka kabisa na kibofu kimevimba, usisubiri kupambazuke. Na usianze kwa kunywa maji mengi ya kusafisha kibofu wala dawa ya mitishamba, ukasubiri wiki nzima.

Kwa kipimo, nawa, mwaga mkojo wa mwanzo, kinga wa katikati kwenye kichupa safi ulichopewa, ufikishe maabara ndani ya saa 2, kabla hujameza dawa yoyote ya kuua bakteria.