“Simu imepima 4, 4, 4” si uthibitisho

Kila muhula, hapa Mbeya, kuanzia Uyole hadi Mwanjelwa, wanafunzi wa twisheni wanakuja na lilelile: “Nimechora kwenye GeoGebra, nimeburuta nukta, vipimo vimekubali, kwa hiyo nimethibitisha.” GeoGebra ni programu ya kuchora na kupima maumbo ya jiometri. Hapana. Umeona tu.

Chukua njia hii ya kugawa pembe sehemu tatu sawa. Chora pembe ya nyuzi 12. Weka nukta moja kwenye kila mkono wake, zote umbali sawa kutoka kipeo. Ziunganishe, gawa kipande hicho sehemu tatu sawa, kisha vuta mistari kutoka kipeo hadi kwenye migawanyo. Vipimo vikiwa vya desimali moja utasoma 4.0, 4.0, 4.0 na kushangilia. Ongeza desimali moja: 3.99, 4.01, 3.99. Panua pembe hadi nyuzi 60: 19.1, 21.8, 19.1. Njia ilikuwa mbovu tangu mwanzo, ila ukadiriaji wa skrini uliificha. Sehemu ya katikati iko karibu zaidi na kipeo, hivyo kwa urefu uleule inapata pembe kubwa zaidi. Na usihangaike kutafuta njia nyingine ya bikari na rula isiyo na alama: mwanahisabati Pierre Wantzel alithibitisha mwaka 1837 kwamba pembe ya nyuzi 60 haigawanyiki hivyo kwa tatu.

Hata ukiweka desimali 15, unapima umbo moja baada ya jingine, na maumbo hayaishi. Kuburuta kunafaa sana kuvunja dai, kwa kuwa mfano mmoja unaokataa unatosha. Lakini jenga umbo kwa zana za mstari wa pembe mraba na makutano. “Mraba” uliokadiriwa kwa jicho utasambaratika ukigusa nukta moja, na hapo programu haina kosa.

Wengine wanaruka upande wa pili: eti kompyuta haina kazi kwenye uthibitisho. Mwaka 1976 wanahisabati Appel na Haken waliitumia kukagua hali zaidi ya elfu moja, wakathibitisha kwamba rangi nne zinatosha ramani yoyote bapa bila maeneo yanayopakana kufanana rangi. Na dai la mwanaastronomia Kepler, kwamba mipira haiwezi kubanana kuliko machungwa yanavyorundikwa kwa piramidi pale sokoni, mwanahisabati Thomas Hales alilithibitisha kwa kompyuta mwaka 1998. Ukaguzi wa uthibitisho huo kwa programu, hatua kwa hatua, ulikamilika 2014. Kompyuta hizo zilifuata mantiki ya kila hali. Hazikusoma vipimo vya picha.

Eti GeoGebra inakula bando? Ukishapakua, inachora bila intaneti. Eti bikari imepitwa na wakati? Simu haiingii chumba cha mtihani.